Kili Challenge si ya juzi

Mkuu, umesema Kili Challenge, ile ya kupanda Mlima Kilimanjaro kuchangisha fedha, ilianza miaka mitano iliyopita. Siyo, ilianza 2002. Ni ya mgodi wa dhahabu wa Geita (GGM) wakishirikiana na TACAIDS, yaani Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania, na fedha zinazochangwa zinaenda kwenye mapambano dhidi ya VVU na UKIMWI. Na wewe dada uliyesema magoti hayataki: si lazima upande, wapo wanaouzunguka mlima kwa baiskeli. Nimekuwa mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, njia ya Machame, nimebeba mizigo ya wachangishaji wa kila aina, kwa hiyo hili nalijua. Ila baiskeli nayo usidhani ni mteremko. Vumbi la upande wa Rongai linaingia mpaka kwenye meno.