Kimashine cha umeme kwa usaha wa kwenye chuma: jibu kwa mwenye mzee anayeumwa mguu

Mkuu, pole sana kwa mzee. Umeeleza kuwa ana chuma kwenye ugoko tangu ajali ya bodaboda, kidonda kinafunga kisha kinapasuka na kutoa usaha, na sasa kuna jamaa mwenye kimashine cha umeme anayeahidi kuua bakteria bila kisu. Usimpeleke. Mimi nilikuwa na msumari wa kushikilia mfupa ndani ya paja wenye tatizo hilihili, na habari za umeme nilizifuatilia sana kwa kuchoka kumeza vidonge.

Bakteria, mara nyingi Staphylococcus aureus, wakishatua juu ya chuma hujifunika utando. Chuma hakipitiwi na damu, na waliomo kwenye utando huwa wamepooza kiasi kwamba dawa haiwagusi. Ndiyo maana mzee anapata nafuu akiwa kwenye dozi, ikiisha usaha unarudi.

Umeme wenyewe si uongo. Mwaka 1992 kundi la mtafiti Costerton lilionyesha kuwa mkondo mdogo wa umeme huongeza makali ya dawa za kuua vijidudu dhidi ya bakteria aina ya Pseudomonas waliojifunika utando. Hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani waliwapitishia sungura wenye mifupa iliyooza umeme wa mikroampea 200 kwa siku 21. Kule Buffalo, New York, panya wenye chuma cha titani kilichoingiwa na MRSA (Staphylococcus aureus sugu kwa dawa nyingi) walipewa volti 1.8 hasi kwa saa moja pamoja na antibiotiki ya vankomaisini, na bakteria wakapungua kuliko kwa vankomaisini peke yake. Siri ni kwamba chuma chenyewe ndicho kilichofanywa ncha hasi: maji na oksijeni vinavyokigusa huzalisha alikali na haidrojeni peroksaidi palepale utando ulipo. Lakini ni panya na sungura, mkuu, na huko Buffalo dawa haikuachwa.

Kimashine cha jamaa kina pedi mbili za kubandika kwenye ngozi. Mkondo unazunguka kwenye nyama tu, hauwezi kukishika chuma kwa kipimo hicho. Hutuliza maumivu, basi. Mashine ile nyingine, ya joto la mawimbi mafupi ya redio, ndiyo mbaya zaidi, chuma hupata moto na kuunguza nyama kwa ndani. Na kuna mwingine aliyekushauri umuunganishe mzee na betri ya gari, jamani! Ncha chanya ikigusa chuma, chuma kinalika.

Kwangu kilichofanya kazi ni kisu. Daktari wa mifupa alinisimamisha antibiotiki wiki mbili, maana homa sikuwa nayo, kisha akachukua vipande vya nyama kutoka ndani kabisa, si usaha wa juu ya ngozi, vikaoteshwa maabara. Mfupa ulikuwa umeshaunga, kwa hiyo msumari ukatolewa, ndani pakakwanguliwa, nikapewa dawa inayolingana na majibu. Kama wa mzee haujaunga, huenda wakamhamishia kwenye chuma kinachofungwa nje ya mguu, au wakakiacha cha ndani kwanza huku wakisafisha. Eksirei ndiyo itakayoamua.

Akianza homa au kutetemeka, mwahishe hospitali usiku huohuo. La sivyo, andika dawa zote alizokunywa na lini alimaliza, ubebe na karatasi za upasuaji wa kwanza. Wasipojua aina ya chuma, kukitoa kunakuwa shughuli, kwa sababu kila aina ina vifaa vyake vya kufungulia.