Maswali ya Wasomaji: Kituo cha Eastleigh na Vikosi Vilivyopita Hapo

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, marehemu babu yangu alikuwa mpakiaji mizigo katika uwanja wa ndege za kijeshi wa Eastleigh, Nairobi, katika miaka ya 1950. Mjomba wangu hushikilia kwamba uwanja huo ndio Moi Air Base ya leo. Jirani yetu, mwanajeshi mstaafu, husema kwamba jeshi la wanahewa la zamani lilivunjwa mwaka 1982 na historia ikaanza upya. Nani asemaye kweli, nami nitafute wapi habari za babu? – Msomaji, Nyeri.

JIBU: Wote wawili wanasema kweli, ila mjomba wako anazungumzia kituo na jirani yenu anazungumzia jeshi. Mambo haya mawili yakichanganywa, mtafiti hupotea njia mapema.

Uwanja wa Eastleigh ulitumiwa na Jeshi la Anga la Uingereza tangu Vita Vikuu vya Pili, na kwa miaka mingi abiria wa kawaida pia walishukia hapo, mpaka uwanja wa Embakasi ulipofunguliwa mwaka 1958. Vikosi vya ndege, kwa upande wake, vilikuja na kuondoka. Tangu mwishoni mwa mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, ndege kubwa za mabomu aina ya Lincoln zililetwa Eastleigh kutoka Uingereza ili kushambulia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya walimojificha wapiganaji wa Mau Mau. Vikosi namba 49, 100, 61 na 214 vilipokezana zamu kwa miezi michache michache, hivyo mtu aliyefanya kazi uwanjani hapo mwaka mzima aliona vikosi kadhaa vikipita, huku yeye akibaki palepale. Ndege ndogo za Harvard, ambazo wazee wengi wa Nyeri wanazikumbuka, zilirukia Mweiga, karibu na kwenu.

Baadaye Eastleigh ilihudumia hata Ghuba. Mwaka 1961, Iraki ilipotishia kuitwaa Kuwait, ndege za Hunter za kikosi namba 208 zilipelekwa huko kutoka Nairobi. Mwaka huohuo, mafuriko yalipokata barabara nchini Kenya, ndege za mizigo aina ya Beverley za kikosi namba 30 zilidondosha chakula kwa watu waliozingirwa na maji. Naona ni haki kulitaja hilo pia, ingawa haliondoi uchungu wa mabomu ya msituni.

Jeshi la Wanahewa la Kenya liliundwa tarehe 1 Juni 1964, likarithi uwanja huo, likaanza na ndege za mafunzo za Chipmunk. Tarehe 1 Agosti 1982, askari wa vyeo vya chini wa jeshi hilo, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, walijaribu kuipindua serikali. Marubani wa ndege za F-5 wa kituo cha Nanyuki walilazimishwa kuruka ili kushambulia Nairobi, lakini walipofika angani walikwenda kuyatupa mabomu katika msitu wa Mlima Kenya, na kwa maoni yangu uamuzi huo uliokoa maisha ya watu wengi mno. Jaribio liliposhindwa, jeshi hilo lilivunjwa, likaundwa upya chini ya usimamizi wa jeshi la nchi kavu kwa jina la '82 Air Force, na jina lake la awali likarudishwa mwaka 1994. Katika muda huo wote uwanja haukuhama.

Kuhusu babu, anza na karatasi zake: kitambulisho cha kazi, barua au cheti chochote chenye namba ya kikosi au jina la idara. Shajara za shughuli za vikosi vya Uingereza zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Kew, London, lakini hizo huandika zaidi habari za ndege na marubani kuliko za wapakiaji wa Kiafrika. Kwa hiyo nenda pia katika Nyaraka za Taifa za Kenya jijini Nairobi, ukaulize majalada ya ajira ya miaka hiyo, na uwahoji wazee waliofanya kazi pamoja naye wangali hai.