Muulize Babu Hansadi: Kanuni kwanza, rasimu baadaye

SWALI: Shikamoo Babu Hansadi. Nafundisha Uraia katika sekondari moja huku Songea. Tulikuwa kwenye habari za Bunge Maalum la Katiba la mwaka 2014, kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, ina maana watu walilipwa shilingi 300,000 kwa siku ili wabishane kama kura iwe ya siri au ya wazi, rasimu ya katiba mpya yenyewe hawajaigusa?" Darasa zima likacheka, na mimi nikakosa la kusema. Nimjibu nini?
*Mwalimu, Songea*

JIBU: Marahaba mwalimu. Kijana huyo ana akili, usimkatishe tamaa. Ila mwambie kuna jambo limempita: rasimu walikuwa wameshaigusa. Ule ubishi wa kanuni ndio uliokuwa mjadala wa rasimu, kabla hata ukurasa wa kwanza haujafunguliwa.

Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba, iliyokusanya maoni ya wananchi, ilileta Muungano wa serikali tatu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. Sera ya CCM ni serikali mbili, ya Muungano na ya Zanzibar. Ukumbini Dodoma CCM walikuwa wengi, lakini wingi wa kadi si lazima uwe wingi wa kura. Mjumbe anayezipenda serikali tatu kimoyomoyo atasemaje akiitwa jina mbele ya viongozi wake? Na atasemaje akipewa kikaratasi akitumbukize kwenye sanduku? Ndipo kanuni ya 37 na ya 38, za upigaji kura, zilipokwama. Wapinzani walitaka siri, CCM wakataka wazi, na kila upande ulikuwa na hoja safi ya kuitoa kwenye kipaza sauti. Wa wazi walisema mwananchi ana haki ya kujua mjumbe wake amesimama wapi. Wa siri walisema mjumbe apige kura kwa dhamiri yake, asitishwe na mtu. Zote ni hoja za kweli, sizidharau. Lakini mtu aliyezeekea kwenye kunakili maneno ya waheshimiwa hujifunza kutazama na anayeitoa hoja: akipata anachokiomba, kura zake zitaongezeka au zitapungua?

Wakati huo mwenyekiti alikuwa wa muda, Pandu Ameir Kificho, na kamati ya Profesa Costa Mahalu ikimsaidia kwenye kanuni. Kanuni nyingine zikapita, hizo mbili zikawekwa kiporo. Samuel Sitta alipochaguliwa mwenyekiti Machi 12 alikikuta kiporo hicho mezani. Ikafika mwishoni mwa Machi ndipo wakapata mwafaka wa Kitanzania hasa: kila mjumbe achague mwenyewe. Anayetaka wazi aseme wazi, anayetaka siri apewe karatasi. Wengi waliusifu. Mimi niliona tundu lake siku ileile: chama chako kimetaka wazi, wewe unanyoosha mkono kuomba karatasi ya siri. Si umeshajitaja?

Kanuni nzito kuliko zote, hata hivyo, haikupigiwa kelele kiasi hicho, maana ilikuwa tayari ndani ya Sheria ya Mabadiliko ya Katiba. Ili ibara ipite ilitakiwa theluthi mbili ya wajumbe wote wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wajumbe wote wa Zanzibar, kila upande peke yake. Wote, si waliohudhuria. Kwa hesabu ya namna hiyo, asiyekuwepo ni sawasawa na aliyesema hapana. Ukawa, umoja wa wajumbe wa upinzani, walipotoka ukumbini Aprili 16, Profesa Lipumba wa chama cha CUF akiwa mstari wa mbele, watu mitaani walisema wamesusa, wameacha uwanja. Wameacha wapi! Viti vyao vitupu viliendelea kuhesabika mpaka siku ya mwisho, na upande wa Zanzibar, ambako CUF ilikuwa na wajumbe wengi, hesabu ilibana kwelikweli.

Sasa utaelewa kilichotokea Septemba. Kanuni zikarekebishwa tena, safari hii ili mjumbe aliye nje ya Dodoma, hata nje ya nchi, aweze kupiga kura. Waliokuwa Hija wakapigia kura Saudi Arabia. Kuna waliocheka, na wengine walikasirika wakisema ni mazingaombwe. Mimi sikushangaa. Theluthi mbili ya Zanzibar ilikuwa inatafutwa kwa tochi, kura moja moja, na kura ya haji aliyeko Maka ilikuwa na thamani ileile ya kura ya aliyekaa kiti cha mbele.

Na kama kijana bado anauliza siri ya nini, mpe kisa cha Othman Masoud Othman, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar. Alipoitwa jina hakuomba karatasi. Alipiga kura ya wazi na kuzitaja ibara anazozikataa. Oktoba Rais Shein wa Zanzibar alitengua uteuzi wake. Katiba Inayopendekezwa ilikabidhiwa kwa Rais Kikwete na Rais Shein Oktoba 8, kura ya maoni ikapangiwa Aprili 30, 2015, kisha ikaahirishwa. Miaka mingi imepita, haijapigwa.

SWALI: Babu, Spika huuliza "wanaoafiki waseme ndiyo", halafu anasema "nadhani walioafiki wameshinda". Anadhani? Kwa nini asihesabu?
*Fundi cherehani, Tanga*

JIBU: Fundi, swali lako limenichekesha kwa sababu ndilo nililomuuliza mkubwa wangu nilipoanza kazi. Akaniambia niandike kama ilivyo. Ukifungua Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, utakuta mabano mawili yamefuatana: (Hoja ilitolewa iamuliwe), kisha (Hoja iliamuliwa na kuafikiwa). Baina ya mabano hayo kuna ukumbi mzima umepiga kelele, na hakuna mahali pa kuandika kelele za upande upi zilikuwa kubwa.

Muda ndio sababu. Muswada wenye vifungu sabini, ukihesabu vichwa kila kifungu, mtalala humo. Ila kuna siku hakuna kudhani: bajeti ya Serikali. Pale makatibu huita jina mojamoja, na kila mbunge hujibu kwa kinywa chake. Hili si pambo. Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais nguvu ya kulivunja Bunge likiikataa bajeti, kwa hiyo kila jibu linaandikwa na jina lake.

Mimi ningependa na miswada ya hati ya dharura ipigiwe kura kwa majina. Hati ya dharura hufupisha safari ya muswada, wananchi na kamati wanapata siku chache za kuusoma. Sheria za maliasili na madini za mwaka 2017 zilikwenda hivyo: zililetwa mwishoni mwa Juni, mwanzoni mwa Julai zimeshapita. Sisemi zilikuwa mbaya. Nasema ukikubali kukimbizwa, jina lako lionekane.

SWALI: Babu, huku Marekani kabla ya muswada kuna kura nyingine ya utaratibu. Rafiki yangu anasema mbunge wake aliupinga msaada wa Ukraine mwaka 2024, lakini kura ya utaratibu aliiunga mkono. Ni unafiki?
*Dada wa Houston*

JIBU: Si lazima, dada. Baraza lenu la Wawakilishi lina Kamati ya Kanuni, wajumbe 9 wa chama chenye wengi na 4 wa chama kingine. Ndiyo huamua muswada ujadiliwe kwa muda gani na mabadiliko yapi yaruhusiwe, kisha Baraza zima hupigia kura uamuzi huo, nao huitwa kanuni. Desturi yao ya siku nyingi: wa chama chenye wengi husema ndiyo hata kama muswada hawaupendi, na wa chama cha wachache husema hapana hata kama wanaupenda. Ni kura ya utii. Ndiyo maana Juni 2023, Republican wakiwa ndio wengi Barazani, wachache wao walipoasi na kanuni ya chama chao ikaanguka kwa 206 dhidi ya 220, ilikuwa habari kubwa. Haikuwa imetokea tangu 2002.

Aprili 2024 desturi ikapinduka. Kwenye Kamati Republican watatu walikataa, Democrat wakaziba pengo. Aprili 19 Baraza likapitisha kanuni kwa 316 dhidi ya 94: Democrat 165, Republican 151. Chama cha wachache kimeipa kanuni ya Spika kura nyingi kuliko chama cha Spika mwenyewe! Kanuni hiyo iliupasua msaada vipande vinne, kila kimoja na kura yake. Kesho yake Republican waliounga mkono kipande cha Ukraine walikuwa 101. Toa 101 kwenye 151, utamkuta mbunge wa rafiki yako humo: alifungua mlango ili apate nafasi ya kusema hapana mbele ya wapiga kura wake. Kura zote mbili zimeandikwa kwa majina, akazisome kwa pamoja kabla hajamwandikia.