Ukitaka kuonyesha filamu za utoaji mimba mtaani kwako

Kikoba chetu hapa Ngamiani, Tanga, hukutana Jumamosi alasiri. Siku moja niliazima projekta ya jirani anayeonyesha mpira, tukatundika shuka ukutani, nikawawekea The Silent Scream, filamu ya hali halisi ya Marekani ya mwaka 1984. Ndani yake Dkt. Bernard Nathanson, aliyewahi kutoa mimba kabla ya kugeuka mpinzani mkubwa, anaelezea picha za ultrasaundi za mimba ya wiki 12 ikitolewa. Nilidhani maneno yatamiminika. Kimya. Mama mmoja aliinuka, akajitanda kanga, akaondoka bila kuaga. Baadaye nikajua mimba yake iliharibika ikiwa na miezi mitano. Hakutoa chochote, nami nimemfufulia msiba wake mbele za watu.

Kwa hiyo, shoga yangu, itazame kwanza peke yako. Kisha itazame tena umezima sauti. Mimi nilipoizima ndipo nikaona. Kijusi cha wiki 12 kina urefu wa sentimita 5 au 6, lakini kwenye shuka letu kilikuwa kama mtoto wa kubebwa mgongoni. Madaktari kadhaa wa Marekani walilalamika pia kwamba kasi ya picha ilichezewa. Na mwenye tumbo hasemi neno tangu mwanzo hadi mwisho.

Upande wa pili nao una ujanja wake. After Tiller, filamu ya Marekani ya 2013, inawafuata madaktari 4 waliobaki wakitoa mimba kubwa baada ya mwenzao, George Tiller, kupigwa risasi kanisani huko Wichita mwaka 2009. Humo wanawake wanaongea, nyuso hazionekani, kamera inatua kwenye mikono. Inaliza. Ila unakuwa umeshampenda daktari kabla hujafikiri lolote, na wanaopinga wanapita kwa mbali tu.

Hiyo niliionyesha kwa kuisimamisha kila baada ya muda, nikiuliza swali moja: nani hatujamsikia? Hapo midomo ikafunguka. (Usimuulize mtu "na wewe je?" Kamwe.) Kutafsiri nako ni kazi, mimi si mtu wa kibanda umiza, bibi mmoja alisema naongea kama nakimbizwa na mbwa.

Kabla ya kuwasha, sema wazi kwamba sheria za humo si za hapa. Hata kwao zimebadilika, tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoifuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba Juni 2022. Na anayetokwa damu, mimba iwe imeharibika au imetolewa, aende hospitali. Kutibiwa hakujakatazwa.

Kinachonitia hofu zaidi ni vijana wenye simu. Mmoja alitaka kutengeneza filamu yetu ya hapa hapa. Akamrekodi dada akisimulia yaliyompata, akakata kichwa, akabakiza mikono kama alivyoona kwa Wamarekani. Bahati alinionyesha kabla hajaipandisha. Jamani! Mikono ina hina ya harusi ya wiki iliyopita, kanga ni sare ya harusi hiyo hiyo, sauti ina Kidigo chake chote. Sikufika sentensi ya tatu nikawa nimeshamjua, na mtaa mzima ungemjua.

Ingekuwa aibu tu, afadhali. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 151, inamweka mwanamke anayejitoa mimba kwenye hatari ya kifungo cha miaka 7, na anayemtoa, kifungu cha 150, miaka 14. Kifungu cha 230 kinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa maisha ya mama, lakini hiyo siyo hadithi aliyoisimulia yule dada. Video ile ilikuwa ushahidi dhidi yake, tena kwa mdomo wake mwenyewe.

Tuliifuta mbele yake, na nakala iliyotumwa WhatsApp pia. Simulizi ikaandikwa upya, akaisoma mtu mwingine, picha ikawa baraza tupu na mvua. Mwenyewe alipoitazama aliomba jambo moja tu: tuondoe na lile neno la Kidigo.