Dakika Tisa Kati ya Malindi na Kilifi

Kutoka Malindi mpaka Kilifi, hapa pwani ya Kenya, ni kilomita 60 hivi. Ukishika mwendo wa 80 bila kusimama popote, utatumia dakika 45. Ukikanyaga mpaka 100, utatumia dakika 36. Tofauti ni dakika tisa. Naanza na hesabu hii, mdogo wangu uliyepata leseni ya abiria juzi, kwa sababu hakuna aliyenifanyia nilipokuwa mgeni kwenye njia hii. Niliifanya mwenyewe, usiku, nikiwa nimekaa kwenye mchanga kando ya lami, na gari limelala ubavu.

Nilikuwa skwodi, dereva wa kushikilia, mwaka wangu wa pili. Mwezi wa tano, mvua ya masika imenyesha mchana kutwa, abiria hakuna. Gari lilichukua zaidi ya saa nzima kujaa. Saa kumi na mbili jioni ndipo tulipotoka stejini, na hesabu ya mwenye gari, zile pesa anazotaka kila siku, haijafika hata nusu. Gavana ya gari lile, kile kifaa cha kulizuia lisizidi 80, ilikuwa imechezewa. Nilijua, nikanyamaza, kwa kuwa gari halikuwa langu na nilihitaji kazi. Tulipoipita Gede nilishaanza kuitafuta ile saa moja niliyoipoteza stejini. Mbele yangu kulikuwa na lori la chumvi kutoka Gongoni. Nikatoka kulipita. Katikati ya kulipita nikaona kivuli: pikipiki isiyo na taa, imebeba mtu na gunia, inanijia. Nikarudi kushoto kwa nguvu, magurudumu ya kushoto yakadondoka nje ya lami, nami nikavuta usukani kulirudisha gari juu. Huko kuvuta ndiko kulikotuangusha.

Hakufa mtu. Mama mmoja alivunjika mfupa wa mtulinga. Wiki mbili baadaye nilikwenda kwake, upande wa Mida, na kilo mbili za sukari na uso wa aibu. Nikamwamkia, akaitikia, akaniwekea kiti. Alikuwa akipika mahamri ya kuuza asubuhi. Sasa unga ulikuwa ukikandwa na bintiye kabla hajaenda shule. Hakunitukana. Aliniambia: “Mwanangu, mimi sikuwa na haraka siku ile. Nilikuwa nakwenda kwa dada yangu tu.”

Tangu hapo nimejiuliza mara nyingi: kwenye gari lile la watu 14, nani alikuwa na haraka? Mimi peke yangu. Na haraka yangu haikuanzia kwenye mguu, ilianzia stejini. Basi hili ndilo ninalokuomba ulichukue kabla ya mengine yote: muda uliopotea stejini umepotea. Usiutafute barabarani. Kama gari limechelewa kujaa, umechelewa. Kama hesabu haikufika leo, zungumza na mwenye gari usiku kwa simu, mdomo kwa mdomo. Mwenye gari anayekufukuza kwa sababu ulishika 80 amekuondolea balaa. Najua ni rahisi kusema wakati kodi ya nyumba inakusubiri. Nilikuwa hapo hapo.

Sasa sheria zenyewe. Gari la abiria mwisho ni kilomita 80 kwa saa. Ndani ya mji na kwenye vituo vya biashara ni 50. Wazee wa kazi hii wanakumbuka Februari 2004, kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki zilipoanza kutekelezwa: gavana ya 80, mikanda kila kiti, mstari wa njano ubavuni, dereva na konda kwa sare. Magari mengi yalilala nyumbani siku zile kwa kuwa hayakuwa tayari, na watu walitembea kwa miguu. Kulikuwa na manung’uniko, lakini abiria walikaa kila mtu kwenye kiti chake na mkanda kifuani. Mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, ilikuja baadaye kwa sheria ya 2012. Na kanuni za faini ndogo za 2016 zimepanga bei ya kuzidisha mwendo: kilomita moja mpaka tano juu ya kiwango ni onyo, sita mpaka kumi ni shilingi 500, 11 mpaka 15 ni 3,000, 16 mpaka 20 ni 10,000. Zaidi ya hapo ni kortini. Linganisha na hesabu ya siku, utaona mwenyewe.

Lakini usimwogope askari kuliko unavyoiogopa barabara. Dereva mgeni hupunguza mwendo akiona kizuizi, akishakipita hukanyaga, kana kwamba kile kibao cha 50 kiliwekwa kwa ajili ya askari. Kiliwekwa kwa ajili ya yule mtoto wa shule anayengoja kuvuka. Na pengine kibao hakipo kabisa, kimeng’olewa au kimefunikwa na majani. Ukiona maduka pande zote mbili, bodaboda wamejipanga, akina mama wana meza za maembe, hapo ni 50 hata kama hakuna kilichoandikwa. Gede, Matsangoni, Tezo, Kibaoni: hizo zote zihesabu kuwa ni uani kwa mtu.

Gavana nayo usiitegemee ikufikirie. Inajua 80 tu. Haijui kama uko sokoni au uko porini, haijui kama mvua imenyesha. Nimesikia vijana wakisema, “Gari lina gavana, basi niko salama,” wakapita Gede kwa 78.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo wengi hawafundishwi shule ya udereva. Ukiwa na 80, gari linakula mita 22 kila sekunde. Jicho lione, akili ielewe, mguu utoke kwenye mafuta uende kwenye breki: chukua sekunde moja na nusu. Umeshapita mita 33 na breki bado haijaguswa. Halafu kwenye lami kavu, tairi nzuri, breki nzuri, utahitaji mita 35 nyingine hivi. Jumla ni karibu mita 70. Kwa 50, jumla hiyo hiyo ni kama mita 35. Kwa 100, inakaribia mita 100. Umeongeza 20 tu juu ya 80, lakini umeongeza karibu mita 30 za kusimamia, kwa sababu nguvu ya gari linalokimbia hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo mara mbili, nguvu mara nne. Lami ikiwa imelowa, ongeza tena, na mbaya zaidi ni ile mvua ya kwanza baada ya kiangazi, inapochanganyika na vumbi na mafuta yaliyomwagika barabarani. Dakika chache za mwanzo barabara inateleza kama sakafu iliyomwagiwa sabuni. Tairi ikiwa kipara, sina la kukushauri ila usitoke.

Ukitaka kuamini hesabu hizi, usiziamini kwangu. Siku usiyo na kazi nenda sehemu iliyonyooka, pima mita 70 kwa hatua zako kando ya barabara, simama mwisho wake ugeuke utazame ulikotoka. Mimi nilipofanya hivyo nilinyamaza. Mtu aliyekuwa pale mwanzo nilimwona mdogo kabisa.

Kulipita lori kuna hesabu yake. Lori linakwenda 60, wewe 80. Unalizidi kwa 20 tu, yaani mita tano na nusu kila sekunde. Ukijumlisha nafasi ya nyuma yake, urefu wake na nafasi ya kurudi mbele yake, unahitaji kupata mita 55 hivi. Hizo ni sekunde kumi. Kwa sekunde kumi wewe umepita mita 220, na anayekuja mbele naye kwa 80 amepita mita 220. Kwa hiyo unahitaji karibu nusu kilomita ya barabara tupu unayoiona kwa macho yako, si unayoikisia. Usiku huioni. Taa zako kubwa hazifiki huko, na pikipiki au baiskeli ya makaa haina taa ya kukuonyesha. Basi usiku kaa nyuma ya lori. Hata likikutia vumbi, hata abiria wakipiga makofi. Achia nafasi ya kutosha: tazama mti au nguzo ambayo lori limeipita, hesabu pole pole moja mpaka tatu, ukifika kwenye ile nguzo kabla hujamaliza, uko karibu mno. Mvua ikinyesha hesabu mpaka tano.

Na lile kosa langu la ukingo, nitakwambia dawa yake, kwa kuwa sehemu nyingi lami yetu imeliwa pembeni na mchanga umeshuka chini. Magurudumu yakidondoka nje, usivute usukani. Ushike imara, uende mbele hivyo hivyo, toa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki kwa nguvu. Gari litapunguza lenyewe. Likifika mwendo mdogo, angalia kioo, ndipo upande lami taratibu. Abiria watapiga kelele. Wewe endelea na kazi yako. Hili jambo lirudie kichwani kila siku mpaka mikono ilijue, kwa sababu siku yenyewe hutapata nafasi ya kufikiri.

Kuelekea Mombasa, barabara inapopanuliwa, njia za kando hubadilika. Jana ulipita kulia, leo kuna rundo la kokoto. Usiendeshe kwa kumbukumbu.

Upande wa kaskazini ni shida nyingine. Ukishauvuka mto Sabaki, ukaiacha Mambrui, Gongoni na Marereni, barabara ya kwenda Garsen inanyooka, joto linapanda, na hakuna cha kukuamsha. Hapo adui ni usingizi. Sheria ya trafiki inasema dereva wa abiria asiendeshe zaidi ya saa nane ndani ya saa 24. Wapo wanaoijaza nafasi ya usingizi kwa muguka, yale majani ya kutafuna. Sitaki kumhukumu mtu, nimekula nao meza moja miaka mingi, lakini nimeona jicho liko wazi na akili imelala. Ukijikuta hukumbuki kilomita mbili zilizopita, simamisha gari palipo salama. Mwambie konda, waambie abiria: dakika kumi. Shuka, nawa uso, tembea. Ikiwa una skwodi, mpe usukani bila kuona haya.

Konda wako ndiye nusu ya udereva wako. Kabla ya tripu ya kwanza, zungumzeni. Mwambie: abiria akisimama upande wa pili wa barabara, usimwite avuke mbio, tutasimama, mngoje. Nimeona mtu akigongwa na gari lingine kwa sababu konda alimpungia mkono. Mwambie pia kila mtu afunge mkanda kabla gari halijatoka, na mkanda usiofungika aseme stejini, si njiani. Abiria anayesema “Kanyaga, dereva!” mjibu kwa heshima, “Tutafika, mama,” “Tutafika, mzee wangu.” Usibishane naye ukiwa unaendesha. Na wengi walio kimya nyuma yake wanakushukuru moyoni. Wakishuka ndipo wanakuambia.

Jioni ndiyo saa ya kuogopa zaidi. Ng’ombe na mbuzi wanarudishwa nyumbani, watoto wametumwa dukani, mzee ametoka mangweni kunywa tembo, anatembea katikati ya lami, jua liko machoni au limeshazama na watu hawaonekani. Kuanzia saa kumi na mbili mimi hukata kumi kwenye kila mwendo: penye 80 nashika 70, penye 50 nashika 40.

Na mwezi wa Ramadhani, saa hiyo hiyo huwa kali mara mbili. Dereva amefunga, ameamka kula daku, kichwa kinagonga, na kila gari barabarani linakimbilia futari. Miaka ya mwanzo nami nilikimbia. Siku hizi asubuhi nanunua tende na chupa kubwa ya maji, naviweka chini ya kiti cha konda. Juzi Ramadhani iliyopita adhana ilitukuta Tezo. Niliingiza gari pembeni, nikazima injini, tende zikapitishwa kiti kwa kiti mpaka nyuma, waliofunga na wasiofunga wakachukua. Bibi mmoja akatoa sambusa kwenye kikapu chake, zilikuwa za wajukuu zake Kilifi. Tulikaa pale kama dakika tisa, kisha nikawasha taa, nikatazama kioo, nikaingia barabarani.