Slaidi katika kipindi cha Kiswahili: ushauri kwa mwalimu anayeanza

Ukipangiwa shule ya upili yenye projekta inayofanya kazi, shukuru, kisha jizuie. Kishawishi cha kwanza ni kuchukua maelezo uliyotoka nayo chuoni, yaani aina za vishazi, dhima za viambishi na sifa za ushairi, na kuyamwaga yote kwenye slaidi 30 zenye vitone. Wanafunzi watanakili. Watanakili kimya na kwa bidii, dakika zote 40 za kipindi, na naibu mwalimu mkuu akipita dirishani ataona darasa lenye nidhamu. Kesho yake wape sentensi moja waichanganue, ndipo utakapojua walichokuwa wakifanya.

Kanuni yangu ni moja. Kwenye skrini inakaa lugha yenyewe. Maelezo kuhusu lugha yanakaa kinywani mwangu, ubaoni na daftarini mwao. Sentensi, ubeti, aya na dondoo vinastahili kuoneshwa ukutani. “Kirai ni fungu la maneno lisilo na muundo wa kiima na kiarifu” haistahili. Hiyo iseme, ieleze kwa mifano, kisha iandike kwa chaki polepole nao waandike pamoja nawe.

Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, amechunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyojifunza kwa maneno na picha. Moja ya matokeo yake ni kwamba aliyeoneshwa picha na kusikia maelezo huelewa vizuri zaidi kuliko yule ambaye juu ya hayo amewekewa pia maandishi ya maneno yaleyale anayoyasikia. Mwalimu anayesoma slaidi zake kwa sauti anawapa wanafunzi kazi mbili zinazogombana. Kwetu sisi wa lugha kuna tofauti kidogo, kwa sababu neno ndilo picha yetu. Mwalimu wa Biolojia anaonesha moyo, sisi tunaonesha sentensi.

Tuanze na sarufi, ambako slaidi zina faida kubwa kuliko kwingine kote. Andika katikati ya slaidi, kwa herufi za ukubwa wa 32 au zaidi: *Kisu changu kikali kimepotea.* Nakili slaidi hiyo (chagua picha yake ndogo pembeni, bonyeza Ctrl+D), halafu katika nakala badilisha viambishi tu: *Visu vyangu vikali vimepotea.* Usisogeze kitu kingine. Ukibofya, sentensi inabaki palepale na mianzo minne ya maneno inageuka mbele ya macho yao. Ubaoni ungefuta na kuandika upya, na mwanafunzi angeona sentensi mbili tofauti badala ya moja iliyobadilika.

Ila usibofye kabla hawajatabiri. Waambie waandike wingi wake daftarini kwanza. Ngeli ya KI-VI (kundi la nomino kama kisu/visu) wataipata bila shida, na hiyo ni makusudi, ili wakuamini. Kisha lete *Ukuta wangu mrefu umebomoka.* Hapo utaona “kuta zangu mrefu”, utaona “kuta zangu zirefu”, na mmoja nyuma kule atakuwa na *Kuta zangu ndefu zimebomoka* lakini hana ujasiri wa kuitetea. Waache wabishane. Jibu lako limo kwenye kibonyezo na halina haraka.

Uchanganuzi kwa kielelezo cha matawi nao hupendeza sana kwa njia hii. *Mwalimu mpya alifundisha sarufi jana.* Panga S (sentensi) itokee peke yake, bofya zije KN (kikundi nomino) na KT (kikundi tenzi), bofya N (nomino) na V (kivumishi) chini ya KN, kisha T (kitenzi), N na E (kielezi) chini ya KT. Kabla ya kila tawi uliza litakuwa nini. Wengi ninaowasahihishia hawapotezi alama kwa kutojua nomino au kivumishi. Wanaanza kubandika majina kwenye neno mojamoja kabla hawajagawa sentensi katika sehemu zake mbili kuu. Kielelezo kinachojijenga kutoka juu kwenda chini kinawazuia kuruka hatua. Na kwa kuwa matumizi ya lugha yana alama 40 kati ya 80 za karatasi ya pili ya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili nchini Kenya, muda wa kuandaa slaidi kama hizi haupotei.

Kuhusu rangi: usitumie zaidi ya mbili, na usitegemee rangi peke yake. Projekta kuukuu huifanya njano isionekane kabisa, na darasani huenda kukawa na mvulana asiyetofautisha nyekundu na kijani. Kiambishi unachotaka kionekane kipige na mstari pia.

Insha inataka mbinu tofauti. Slaidi zilizokamilika hazifundishi kuandika, kwa sababu zinaonesha maandishi yaliyokwisha kutulia. Fungua slaidi tupu, uandike aya mbele yao, wakuone ukisita, ukifuta, ukirudisha neno ulilofuta. Kabla ya hapo zima kisahihishi cha tahajia, au ukiambie kuwa lugha ni Kiswahili, la sivyo kila neno sahihi litapigiwa mstari mwekundu na utakuwa umewafundisha kwamba lugha yao ni kosa. Zima pia ule ugeuzaji wa herufi ya kwanza kuwa kubwa, kwani ukitaka kuandika kiambishi “ki-” mwanzoni mwa mstari utabishana na mashine mpaka kengele ilie.

Ukishaandika yako, leta ya mwanafunzi. Iandike upya kwa tarakilishi. Usipige picha ya ukurasa, kwa sababu darasa zima linajua mwandiko wa kila mtu. Sentensi ya aina hii utaipata katika kila rundo la insha: *Ilikuwa siku ya Jumamosi asubuhi na mapema majogoo yalipowika kokoriko na mimi nikaamka kutoka usingizini.* Uliza ni neno gani likiondolewa hakuna kinachopotea. Mmoja atasema “kutoka usingizini”, futa. Mwingine atasema majogoo yakitajwa alfajiri inajulikana, futa. Mtu atagutuka kwamba majogoo ni ngeli ya A-WA, ya viumbe wenye uhai, hivyo ni “walipowika”. Mwishowe mnabaki na *Jumamosi niliamshwa na majogoo.* Wameona wenyewe maneno mengi yakiwa manne, na karatasi ya kwanza inawapa saa 1 na dakika 45 kwa insha mbili, muda usiotosha kuamka kutoka usingizini.

Insha za kiuamilifu, zile zenye muundo maalumu kama barua na kumbukumbu, hazihitaji mengi. Weka sehemu za kumbukumbu za mkutano zikiwa zimechanganywa, waliotuma udhuru wakiwa chini ya tamati, wao wazipange. Dakika kumi zinatosha.

Katika ushairi, onesha jambo ambalo sikio linalijua na jicho bado. Chukua mshororo wa kujitungia, kama *Usiku nilipolala, niliota ndoto njema*. Wausome kwa sauti, wapige makofi, wahesabu mizani, yaani silabi, nane kwa nane. Kisha uliza: kama vina vya mwisho vya ubeti huu ni “-to”, mshairi afanye nini? Buruta neno moja mbele ya jingine: *niliota njema ndoto*. Mizani haijaguswa, kina kimepatikana, sarufi imeborongwa. Baada ya hapo “kuboronga sarufi” halihitaji fasili ndefu. Wameliona likitendeka, na wanajua lilitendeka kwa sababu gani. Fanya hivyohivyo na inkisari (kufupisha neno) na mazida (kulirefusha), lakini siku nyingine.

Kwenye riwaya na tamthilia nitakuwa mkali. Usiandae slaidi za “sifa za wahusika”. Ukiziandaa, kitabu teule hakitasomwa, kwa nini kisomwe wakati umekwisha kukisoma kwa niaba yao? Weka dondoo moja tu, fupi, bila jina la msemaji. Vitabu viwe mezani. Watafute ukurasa, waseme nani anamwambia nani, wako wapi, na ni kwa sababu gani. Swali la muktadha wa dondoo ndivyo linavyopewa alama zake nne, lakini faida iliyo kubwa zaidi ni kule kufungua kurasa: anayetafuta dondoo husoma mengine mengi njiani.

Fasihi simulizi karibu iwe kinyume cha yote hayo. Ukiwa na rekodi ya ngano, wimbo wa kazi au majigambo, isikike kabla ya neno lolote kuonekana. Wakati slaidi zinaoneshwa bonyeza herufi B, skrini inakuwa nyeusi; ibonyeze tena, inarudi. Hicho ndicho kibonyezo ninachokipenda kuliko vyote, na nakitumia hata katika sarufi kila ninapotaka macho yaondoke ukutani yarudi kwa mwenzao anayejibu. Maandishi ya wimbo yaje katika usikilizaji wa pili, mkianza kutafuta takriri, yaani marudio ya maneno, na viitikio.

Mengine ni ya vifaa. Fika mapema, kaa dawati la mwisho kabisa usome slaidi zako kutoka hapo. Leso mbili kuukuu na misumari michache huzuia jua la saa nne kuliko mapazia mengi ya shule. Beba nakala kwenye flashi, tena moja iwe ya PDF, maana tarakilishi ya maktaba huenda ikavuruga fonti zako. Na umeme ukikatika katikati ya kielelezo cha matawi, endelea kwa chaki kutoka tawi mlilofikia; kama umefuata utaratibu wa kuuliza kabla ya kubofya, hawatakosa hatua hata moja.

Watakuomba uwatumie slaidi kwa simu. Watumie, lakini baada ya kipindi, na majibu uyatoe kwanza: sentensi za umoja zibaki, za wingi ziwe nafasi tupu.