Jarida la barua pepe liandikwe palepale kwenye tovuti

Nina tovuti ndogo iliyojengwa kwa WordPress, programu ya kutengeneza tovuti, inayoandika bei za dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba. Wasomaji wangu wengi hawako Mwanza. Ni wanunuzi wa Kahama, Dodoma, Dar es Salaam na wachache wa Bujumbura, na wanataka bei iwafikie kwa barua pepe kabla hawajatuma hela ya mzigo. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikikomaa wavuvi hupumzika, magunia hupungua mwaloni, na bei uliyoisikia jana inaweza kumtia mtu hasara leo. Kwa hiyo kwangu barua ikichelewa ni bora isingetumwa.

Programu ya kwanza ya kutuma jarida niliichagua kwa sababu ilikuwa ya bure na ina mapambo mazuri. Ilikuwa nje ya tovuti kabisa. Kila asubuhi niliandika bei kwenye tovuti, kisha nikafungua ukurasa mwingine nikanakili, nikapanga upya picha na jedwali. Siku moja nikirekebisha bei ya gunia upande mmoja nikasahau upande wa pili. Kibaya zaidi, fomu ya kujisajili ya tovuti ilikuwa na orodha yake na ile huduma ilikuwa na yake. Mtu alijitoa huku, kule bado yumo. Mzee mmoja aliniandikia mara tatu akiniomba nisimtumie tena, na mimi naamini nimeshamwondoa. Lile liliniuma.

Kwa hiyo swali langu la kwanza siku hizi ni hili: nikibonyeza kuchapisha makala, barua inajitengeneza yenyewe kutoka kwenye makala hiyo? Na waliojisajili wanakaa kwenye orodha moja? MailPoet, kwa mfano, ni plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza, inayokaa ndani ya WordPress: barua unaiandika humohumo, majina yanahifadhiwa kwenye hifadhidata ya tovuti yako, na inaweza kutuma taarifa kila makala mpya inapotoka. Anayejenga tovuti kwa Drupal ana nyongeza iitwayo Simplenews. Ghost, programu nyingine ya tovuti, ina jarida ndani yake tayari. Huduma za nje kama Mailchimp na Brevo nazo zina plagini za kuunganisha, ila jaribu mwenyewe kujisajili na kujitoa, kisha uangalie pande zote mbili kama zinakubaliana.

Sasa, kuandika ndani ya tovuti si sawa na kutuma kutoka kwenye seva ya tovuti. Hapa wengi tunakwama. Hosting za bei nafuu, yaani huduma za kukodisha seva ya kuweka tovuti, huweka kikomo cha barua kwa saa, na orodha ikikua, nusu ya watu wanapata bei mchana. Seva hiyo pia unaishiriki na tovuti za watu usiowajua. Mmoja akituma uchafu, barua zako nazo huangukia kwenye taka. Acha tovuti itunge barua, na kazi ya kutuma uikabidhi huduma maalumu ya SMTP, yaani ya kusafirisha barua pepe. Kisha weka rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, kwenye DNS, yaani mipangilio ya domeni (jina la tovuti) yako. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti haya. Anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima awe nazo zote, pamoja na njia ya kujitoa kwa kubonyeza mara moja. Hata mwenye watu 200 aziweke.

Kuna jambo moja hakuna aliyeniambia. Nilipanga barua itoke saa 11 alfajiri, nikalala nikijua imekwenda. Saa 2 mama mmoja wa Kahama akanipigia: "Mwanangu, bei ya leo mbona sijaiona?" Kumbe kazi zilizopangwa kwenye WordPress huamshwa na mgeni anapofungua ukurasa, na alfajiri tovuti yangu haina mgeni. Dawa ni kuiagiza seva yenyewe iziamshe kila baada ya dakika chache. Kwenye cPanel, ukurasa wa kusimamia hosting, sehemu hiyo inaitwa Cron Jobs. Kama hosting yako haikuruhusu, tafuta nyingine kabla hujahangaika na programu.

Mwisho, orodha. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na barua pepe ya mtu ni taarifa yake. Usikusanye anwani kwenye madaftari ya mwaloni ukaziingiza kimyakimya. Chagua programu inayomtumia mtu barua ya kuthibitisha kabla ya kumwingiza. Na kabla hujalipa hata senti, jisajili wewe na ndugu zako wawili, kisha pakua orodha kama faili la CSV, yaani la jedwali, na ulifungue kwenye Excel. Angalia kama kila jina limetoka na tarehe aliyokubali, na kama yule uliyemtoa jana bado anaonekana kuwa ametoka.